Mbwa Kijana Asiyeshikika

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa katika vijiji vya Simiyu, kazi ngumu si kuchoma sindano. Sindano huingia na kutoka kabla mbwa hajageuza shingo. Kazi ngumu ni kumfikisha mbele ya mtaalamu wa mifugo. Wengi huletwa na watoto, maana watoto ndio wanaoshinda nao machungani. Utawaona wanawaburuta kwa kamba za katani, mmoja anavuta, mwenzake anasukuma kwa nyuma, huku mbwa wa kaya jirani wakibwekeana hadi kutoka povu. Halafu wapo mbwa ambao hawaonekani kituoni kabisa. Ukiuliza, unaambiwa yupo nyumbani, ila hashikiki.

Mbwa huyo asiyeshikika mara nyingi si mzee, wala si mtoto. Ni kijana wa miezi saba, minane, mwaka mmoja, pengine mwaka na nusu. Juzijuzi tu alikuwa akimfuata kila mwenye tonge mkononi. Sasa bodaboda ikipita anaikimbilia magurudumu. Mgeni akipiga hodi, anabweka huku anarudi kinyumenyume. Akikutana na mbwa mwenzake njiani, nywele za mgongoni zinamsimama na hasikii tena hata akiitwa jina. Mbele ya mbwa wa namna hii wenye mbwa hugawanyika. Wapo wanaofurahi, wakidhani wamepata mlinzi mkali. Wapo wanaochukua fimbo. Wote wanamkosea, na katika mkoa unaopakana na Serengeti kosa hilo lina gharama kwa watoto, kwa mifugo na hata kwa simba.

Simiyu ilianzishwa rasmi kuwa mkoa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi, na wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe. Kaya nyingi vijijini zimezungushiwa ua wa minyaa, zizi likiwa humo ndani, na usiku fisi huzunguka. Mbwa hapa hafugwi kwa ajili ya pambo. Hulala nje, huwapigia kelele fisi, na kukicha huongozana na wachungaji. Mjini Bariadi na Maswa, kando ya barabara ya lami inayokwenda Lamadi, maisha ya mbwa ni mengine: wengi hushinda kwenye mnyororo nyuma ya nyumba na kufunguliwa giza likiingia.

Tofauti hiyo ya malezi ndiyo inayoamua mambo mengi, na huanza mapema kuliko watu wanavyodhani.

Mwaka 1965 wanasayansi wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichapisha kitabu kilichotokana na uchunguzi wa miaka mingi juu ya watoto wa mbwa huko Bar Harbor, jimbo la Maine. Walieleza kwamba kipo kipindi kifupi, tangu wiki ya tatu baada ya kuzaliwa hadi karibu ya 12, ambamo mtoto wa mbwa huyapokea mambo mapya bila woga mwingi. Anachokiona, kukisikia na kukinusa wakati huo hukihesabu kuwa jambo la kawaida. Kipindi hicho kikishapita, kila kigeni humtia shaka kwanza, na imani huja baadaye kwa kufanyiwa kazi.

Mtoto wa mbwa aliyezaliwa kwenye kaya ya Itilima au Meatu huwa na bahati ambayo mwenye mbwa wala haioni. Kabla hajatimiza miezi mitatu amekwisha kukanyagwa na mbuzi, kukumbatiwa na watoto sita, kusikia mkokoteni wa ng'ombe ukilia na kinu kikitwangwa. Mwenzake aliyenunuliwa mjini akiwa na miezi miwili na kufungwa papo hapo nyuma ya choo amekosa vyote hivyo. Anamjua anayemletea chakula na anaujua ukuta. Huyu akifikia ujana, dunia nzima kwake ni ngeni.

Lakini hata mbwa aliyelelewa vizuri hubadilika akikua. Mbwa wengi hupevuka kati ya miezi sita na mwaka mmoja, na akili zao huendelea kukomaa hadi mwaka wa pili na zaidi. Katikati hapo kuna kipindi cha ujana ambacho wafugaji wamekijua siku zote bila kukiandika. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle waliuandika utundu huo katika jarida la Biology Letters. Waliwapima mbwa waliokuwa wakilelewa ili wawe viongozi wa wasioona, kwanza wakiwa na miezi mitano, kisha minane. Amri ilikuwa nyepesi: kaa chini. Wakiwa na miezi minane, mbwa hao walikuwa wagumu zaidi kumtii mlezi wao kuliko walivyokuwa wadogo. Ajabu ni kwamba mtu mgeni alipotoa amri ileile, hawakuonyesha ukaidi huo. Ukaidi ulimlenga mlezi, na ulionekana zaidi kwa mbwa waliokuwa na wasiwasi wa kuachwa naye. Walipofikia karibu mwaka mmoja, hali ilikuwa imerudi kuwa nzuri.

Matokeo hayo yanapaswa kumfikia kila mwenye mbwa wa miezi minane aliyeanza kusema mbwa wake ameharibika. Hajaharibika. Anapita mahali ambapo wengi hupita, na namna atakavyotendewa katika miezi hiyo ndiyo itakayomfanya awe mtulivu au awe hatari.

Sasa, mbwa mwepesi wa kushtuka ni mbwa wa namna gani hasa? Mtazamaji huona meno na kusema ni ukali. Akimwangalia kwa makini zaidi angeona mambo yaliyotangulia meno. Mbwa alijilamba pua ingawa hakuwa anakula. Alipiga miayo ingawa hakuwa na usingizi. Aligeuza kichwa lakini macho yakabaki kwa mgeni hadi weupe wake ukaonekana pembeni. Mwili ulikakamaa, mkia ukaganda, ama juu au katikati ya miguu. Kubweka na kurukia huja mwisho, baada ya dalili zote hizo kupuuzwa. Katika mbwa wengi wa aina hii kilicho chini ya kelele ni hofu, na shabaha ya kelele ni moja: kile kinachotisha kiondoke.

Na kwa bahati mbaya huondoka. Bodaboda ilikuwa inapita tu. Mbwa akabweka, ikapita. Muuza mitumba alikuwa anaendelea na njia yake. Mbwa akaruka, naye akaongeza mwendo. Kwa hesabu za mbwa, kelele imefanya kazi. Kesho ataanza mapema zaidi, na kwa nguvu zaidi. Hivi ndivyo tabia inavyokomaa bila mtu yeyote kumfundisha.

Fimbo huongeza tatizo jingine juu ya hilo. Mbwa amemwona mgeni, moyo unamdunda, na palepale anachapwa. Anachojifunza ni kwamba mgeni akitokea, maumivu hufuata. Na akichapwa kila anaponguruma, hujifunza kutonguruma, ilhali mngurumo ulikuwa onyo la mwisho kabla ya meno. Mbwa aliyenyamazishwa kwa kipigo huuma kimya, na anayeumwa zaidi ni mtoto, ambaye uso wake uko karibu na mdomo wa mbwa.

Nchini Ureno, watafiti wakiongozwa na Ana Catarina Vieira de Castro waliwafuatilia mbwa 92 kutoka shule za mafunzo, baadhi zikitumia zawadi na nyingine zikitumia makaripio, kuvuta kamba kwa ghafla na vifaa vya kutia maumivu. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2020 katika jarida la PLOS ONE. Mbwa waliofundishwa kwa maumivu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na homoni ya msongo katika mate yao ilipanda zaidi baada ya kipindi. Hata nje ya darasa walikuwa wazito kutarajia mema. Mnyororo nao una kesi yake. Uchunguzi uliofanywa Denver, Marekani, juu ya mbwa waliouma watu mwaka 1991 uliwalinganisha na mbwa wa maeneo yaleyale ambao hawakuuma. Walioelekea zaidi kuuma walikuwa madume, wasiohasiwa, na waliozoea kufungwa mnyororo uani.

Halafu ziko pilipili. Wapo wanaomlisha mbwa pilipili wakiamini ataongezeka ukali, na wapo wanaomkata masikio kwa nia hiyohiyo. Pilipili humchoma tumbo, na kisu humwachia kidonda. Kinachozaliwa hapo ni mnyama mwenye maumivu anayeogopa mkono wa binadamu, na mkono huohuo ndio utakaomshika siku ya chanjo.

Mtu anaweza kusema malezi ya zawadi ni mambo ya Ulaya, yanayofaa mbwa wa ndani. Jibu liko Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye vimelea vya kifua kikuu. Watoto wa panya huanza kuzoezwa watu, sauti na harufu mbalimbali mara tu macho yao yanapofumbuka. Kisha hufundishwa kwamba mlio mdogo wa kifaa cha mkononi maana yake ni chakula: ndizi au karanga. Hakuna anayempiga panya, kwa sababu panya aliyeogopa hafanyi kazi. Magawa, panya dume aliyezaliwa huko mwaka 2013, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71 pamoja na milipuko mingine, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Alikufa Januari 2022. Watanzania waliomlea na kumfundisha walitumia ndizi.

Kwa mbwa pia mifano ipo karibu. Usa River, nje kidogo ya Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limefundisha mbwa na askari wao kugundua pembe za ndovu na nyara nyingine katika bandari na viwanja vya ndege. Upande wa magharibi wa Serengeti, Mfuko wa Grumeti ulianzisha mwaka 2018 kikosi cha mbwa wa kunusa kwa kushirikiana na Working Dogs for Conservation la Marekani. Mbwa hao husaka nyama pori, pembe, magamba ya kakakuona na risasi. Shirika hilo la Marekani linajulikana kwa kuchukua mbwa waliotupwa kwenye vituo vya mbwa wasio na wenyewe, hasa wale wenye nguvu na wahka mwingi hata familia zikashindwa kukaa nao. Mbwa aliyeonekana mzigo sebuleni huwa mfanyakazi hodari porini, na ujira wake ni kuchezeshwa mpira.

Kaya ya Simiyu haina mpira wa aina hiyo, lakini ina dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria wanaoshushwa upande wa Busega na kuuzwa kila gulio ni zawadi bora kuliko biskuti za dukani: wadogo, wakavu, wana harufu inayomvuta mbwa yeyote. Wawe wasio na chumvi tu. Kiganja kimoja kinatosha mafunzo ya siku, na kikatwe kwenye chakula chake cha jioni, siyo kuongezwa juu yake.

Jambo la kwanza ni umbali. Kila mbwa ana mahali ambapo anaona kitu kinachomtisha na bado ana akili zake: masikio yamesimama, macho yapo kule, lakini akiitwa anageuka na akipewa dagaa anakula. Sogea hatua kumi mbele, anakataa chakula na kuanza kubweka. Mafunzo yote hufanyika upande wa salama wa mstari huo. Kwa mbwa wa Bariadi anayehangaishwa na bodaboda, hii ina maana ya kwenda mbali na barabara, labda mita 50, labda 100, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Kijijini, ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, iliyo tulivu na mbali na njia inafaa sana. Kumpeleka mbwa wa namna hii moja kwa moja mnadani ili azoee ni kumzamisha.

Jambo la pili ni mpangilio. Bodaboda itokee kwanza, mbwa aione, ndipo dagaa afuate. Dagaa akitangulia, mbwa anaanza kumshuku dagaa mwenyewe. Bodaboda ikipotea, dagaa nao wanakoma. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, aliwaona mbwa wake wakidondokwa mate kabla hata chakula hakijafika, kwa kuona au kusikia tu dalili zake. Mwili hujifunza wenyewe. Baada ya kurudia mara nyingi, kwa siku nyingi, mbwa akisikia mlio wa pikipiki atamgeukia mwenyewe kumtazama. Hapo ndipo panapotafutwa. Kutazama kule kukishaimarika, umbali unapunguzwa hatua chache. Akibweka, hakuna ugomvi: mmekaribia mno, rudini nyuma.

Vipindi viwe vifupi. Dakika tano asubuhi kabla ya mifugo kutoka na tano jioni zinafaa kuliko saa nzima ya Jumapili. Kamba iwe ndefu, mita tano hivi, na fundo la shingoni liwe lisilojikaza. Kamba inayomkaba humkumbusha hatari wakati ambapo anatakiwa kutulia. Mtoto mdogo asipewe kazi hii peke yake. Kijana wa miaka 15 anaiweza vizuri sana, na mara nyingi ana subira kuliko baba yake.

Jambo linalosahaulika ni mikono. Mbwa wengi wa vijijini huguswa kwa sababu mbili tu: kupigwa au kung'olewa kupe. Basi naye hukwepa. Kumzoeza kushikwa ni kazi ya kila siku: mkono begani, dagaa, mkono sikioni, dagaa, ngozi ya shingo ikivutwa kidogo, dagaa, paja likiminywa kwa kidole mahali sindano itakapoingia, dagaa. Baadaye afanye hivyo mtu mwingine wa nyumbani, kisha jirani anayeaminika. Mbwa aliyepitishwa hapo kwa mwezi mmoja husimama mbele ya mtaalamu wa mifugo bila mtu kujeruhiwa. Hili, kuliko mafunzo mengine yote, lingepaswa kujulikana Simiyu nzima.

Mbwa wa machungani ana kipaji kingine cha ujana: kukimbiza mbuzi. Namibia, ambako shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa kulinda mifugo tangu mwaka 1994, wamelikuta jambo hilo mara kwa mara. Mbwa wao, wa asili ya Anatolia huko Uturuki, huwekwa zizini wakiwa na umri wa wiki chache ili wakue wakijiona sehemu ya kundi. Hata hivyo, wakifika ujana baadhi yao huwachezea mbuzi kwa fujo, huwauma masikio na kuwafukuza. Wafugaji huko hawaharakishi kumfukuza mbwa kazini. Humwangalia kwa karibu, humtoa kwenye kundi anapoanza, wengine humning'inizia kijiti shingoni kinachomgonga miguu akikimbia, na wengi wa mbwa hao hutulia wakipevuka. Mbwa wa aina hiyo wamejaribiwa pia Tanzania, upande wa Ruaha. Mbwa wa kienyeji wa Simiyu ni mdogo kuliko hao, lakini ujana ni uleule.

Kwa mwenye hofu kwamba mbwa mtulivu hatalinda, afikirie usiku. Mbwa anayebwekea kila baiskeli, kila popo na kila jirani anayekwenda chooni hana habari anayoleta. Wenye nyumba hujifunza kutomsikiliza, na fisi akija kweli zizini hakuna anayeamka. Mbwa aliyezoea mambo ya kawaida hunyamaza kwa ya kawaida na kubweka kwa yasiyo ya kawaida. Mwenyewe akimsikia, huchukua tochi. Ulinzi wa kweli uko hapo, katika kupambanua, na mbwa mwenye hofu hawezi kupambanua.

Mambo kadhaa si ya mafunzo hata kidogo. Mbwa aliyekuwa mtulivu akageuka ghafla anaweza kuwa na maumivu: sikio lililooza, mwiba, minyoo, kupe waliomnyonya hadi akachoka. Afisa mifugo wa kata ndiye wa kumwona kwanza. Kuhasi hupunguza kuzurura na kupigania majike, lakini hakuondoi hofu, wala kusitarajiwe kuchukua nafasi ya malezi.

Na kuna lile kubwa. Mbwa aliyebadilika tabia katika siku chache, anayeuma hata miti, anayetokwa na mate na kushindwa kumeza, ambaye sauti yake imekwaruza au taya limelegea, asisogelewe na mtu kumfundisha chochote. Huyo adhaniwe kuwa na kichaa cha mbwa na taarifa itolewe mara moja. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, asipake pilipili wala mafuta, aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, tiba ya uhakika haipo. Duniani ugonjwa huu huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 kwa mwaka, na karibu wote huupata kwa mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema takribani asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto wa chini ya miaka 15.

Upande wa pili wa mpaka wa hifadhi, hesabu ni ya simba. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi wa mbwa, ambao si kichaa bali homa inayoshambulia mapafu, tumbo na ubongo, uliingia Serengeti. Simba wapatao 1,000 walikufa, yaani karibu theluthi moja ya simba wote wa eneo hilo. Watafiti walifuatilia chanzo hadi kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Uchambuzi wa miaka ya baadaye uliongeza kuwa ukame na vimelea vya damu vinavyoletwa na kupe viliuzidisha ukali wa ugonjwa. Tangu miaka hiyo watafiti na idara za mifugo wamekuwa wakiendesha chanjo za mbwa katika wilaya zinazopakana na Serengeti, zikiwemo za upande wa Bariadi na Meatu, hasa katika vijiji vilivyo ndani ya takribani kilomita 10 kutoka mpakani.

Lengo linalotajwa na wataalamu kwa kichaa cha mbwa ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa katika kila eneo. Wakifikia hapo na kurudia kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Katika kijiji chenye mbwa 100, wanaweza kukosekana 30 tu. Mbwa vijana wasioshikika wakiwa 20, na wengine zaidi ya 10 wakawa wamezurura siku hiyo, lengo limekwisha kupotea, hata kama dawa ipo, gari lina mafuta na wataalamu wamefika alfajiri. Serikali haiwezi kumzoeza mbwa wa mtu kushikwa. Kazi hiyo ni ya aliyemleta nyumbani.

Kwa hiyo ombi kwa wenye mbwa wa Simiyu ni dogo. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika maeneo mengi kampeni za chanjo hufanyika karibu na tarehe hiyo. Ulizeni ofisi ya mifugo ya kata tarehe ya kijiji chenu, msingoje tangazo la kipaza sauti. Hesabuni wiki zilizobaki, anzeni leo na kiganja cha dagaa, kamba ndefu na mkono usiopiga. Watoto wachanga wa mbwa nao wapelekwe, wasiachwe nyumbani kwa kudhaniwa ni wadogo mno. Na siku ikifika, mbwa kijana apelekwe asubuhi mapema, kabla mbwa wengine hawajajaa kituoni.